Nguzo ya Sita

Mwalimu Masalakulangwa alisema: pimeni jengo moja,
moja tu, mlijue hadi misumari.
Wenzangu wakakimbilia mlimani, kwenye gofu la Wajerumani
lenye upepo mzuri wa kupigia picha.
Mimi mgeni, mtoto wa Bukavu,
nikachagua duka la ghorofa moja Mtaa wa Lumumba,
kwanza kwa jina la mtaa,
pili kwa baraza lake linalopinda kwenye kona
kama mabaraza ya kwetu, pale barabara
inapoinama kulitazama Ziwa Kivu.

Siku ya kwanza sikupima kitu.
Mlinzi aliomba kibali, nikampa barua,
akaisoma upande usio na maandishi,
akasema muhuri haujakolea.
Siku ya pili, kwa chupa moja ya soda,
muhuri ukakolea.

Juu, kwenye kilemba cha sementi, kuna mwaka:
moja, tisa, tatu,
na shimo. Tarakimu ya mwisho imenyofoka,
njiwa amejenga humo.
Chini yake jina la aliyeijenga, limepakwa rangi juu ya rangi
hadi limevimba kama kovu.
Herufi tatu zinasomeka.
Za kampuni ya simu zinasomeka zote.

Nilipanda ngazi nikihesabu kwa sauti.
Stoo ya nyuma, kwenye boriti za dari,
nyuzi za pamba bado zimenasa,
pamba ya msimu ambao hata mwenye duka hakuwa amezaliwa.
Nilichomoa uzi mmoja. Nimeuficha kwenye daftari,
ukurasa wa milango.

"Wewe unaiona nzuri," Bwana Kanji aliniambia,
"kwa sababu hulali na ndoo tatu kitandani.
Glasi, binti. Glasi haivuji."
Sikuwa na jibu. Nilipima ndoo pia:
kipenyo, sentimita thelathini na moja.

Nguzo ziko tisa.
Nilizipima kuanzia kushoto, nikifuata kivuli,
na kwenye ya sita nikamkuta Mayu Kabula
na sinia lake la michembe.
"Mwadila, mgeni. Wiki nzima unazunguka na huo utepe,
nguzo yangu unairuka. Ina ukoma?"
Nikasema nilikuwa nangoja ainuke.
Akacheka, akajifunga kanga upya, akainuka.

Ukuta ulikuwa umemkumbuka.
Pale mgongo ulipokaa miaka ishirini na miwili,
chokaa imelika taratibu, imeng'aa, imekuwa laini
kama ndani ya kibuyu cha maziwa.
Niliweka rula. Nikaingiza kidole.
Sentimita mbili na nusu kwenda ndani,
na juu kidogo, kijishimo kingine: kisogo,
cha saa nane mchana, wateja wakiadimika.

Nikalichora.
Fundi aliyemimina nguzo hii hakuliona,
wala ramani ya manispaa hailijui,
lakini kwenye karatasi yangu lipo, kwa mstari mwembamba,
na maelezo pembeni: bonde la mgongo, K.

Mwalimu akazungushia wino mwekundu.
Hii ni alama gani? Haimo kwenye orodha.
Akanikata maksi nne.

Mama anapiga simu kutoka ng'ambo ya milima,
anauliza huko Mwanza kuna kitu gani cha kuangalia.
Mawe, namwambia, mawe yamebebana juu ya maji,
hujui nani atachoka kwanza.
Nguzo sijui niielezee vipi. Salio likaisha.

Mwezi wa saba wakazungushia mabati, bluu,
yenye picha ya jengo ambalo bado halipo
na watu wa kuchorwa wanaotembea bila kivuli.
Njiwa alizunguka siku mbili juu ya mahali mwaka ulipokuwa.
Mayu Kabula amehamia upande wa pili,
mbele ya duka la betri, hana pa kuegemea,
amekaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini.

Ananiwekea michembe bila kupima.
Halafu, akiangalia mabati, si mimi:
"Ile karatasi, unayo bado?"